Mambo ya Nakuru: Maji na Meno ya Watoto

Mtu akipita asubuhi penye vibanda vya maji mtaani Kaptembwo, au penye visima vya Njoro na Lanet, hakosi kusikia mabishano yale yale. Watu wakiwa wamepanga mitungi yao, huulizana: meno ya watoto wetu yana rangi ya kahawia, kosa ni la nani? Wengine huwalaumu akina mama kwamba hawawafunzi watoto kupiga mswaki. Wengine husema ni urithi, kwa kuwa baba naye anayo meno ya namna hiyo. Na wako wasemao kwamba hiyo ni alama ya mzaliwa wa Nakuru, basi haifai kuisumbukia.

Jambo hili si la mzaha. Mtoto mwenye meno hayo huchekwa na wenzake, na akiisha kuwa kijana huziba kinywa kwa mkono kila anapotaka kucheka.

Chanzo chake kimo ardhini. Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno, na Menengai, ulio juu ya mji, ni mmoja wa milima hiyo ya moto. Maji ya mvua yakizama hupenya katika miamba yake, yakakaa humo siku nyingi na kuyeyusha madini yaitwayo floraidi. Madini hayo yakiwa kidogo huyaimarisha meno, yakizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 katika kila lita, lakini visima vingi vya Nakuru, Njoro na Naivasha hupita kiasi hicho. Maji yenyewe ni maangavu, wala hayana harufu. Kwa hiyo macho hayawezi kuyatambua.

Meno hupata madhara yangali yakijijenga ndani ya ufizi, tangu mtoto azaliwe mpaka apate umri wa miaka 8 hivi. Ndiyo sababu mswaki hauwezi kuitoa rangi hiyo. Ndiyo sababu pia mtu aliyekulia mahali penye maji mazuri, akahamia Nakuru akiwa mtu mzima, hubaki na meno yake meupe, lakini mwanawe aliyezaliwa hapa akaota ya kahawia. Basi wanaosema ni urithi wamekosea. Na mtu anywaye maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kuumia hata mifupa na viungo.

Wako wanaodhani kwamba kuchemsha kunatosha. Kuchemsha maji ni desturi njema, isiyofaa kuachwa, maana huua vijidudu vya maradhi ya kuhara. Lakini hakuondoi floraidi: maji hupungua kwa mvuke, na madini hubaki katika sufuria. Vilevile magadi yanayotiwa katika mahindi na maharagwe ili yaive upesi huweza kuwa na floraidi, na yafaa yapunguzwe.

Je, yafanyike nini? Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, na maji ya mto Turasha yanayoletwa kwa bomba ni afadhali kuliko ya visima vingi. Tena Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru ilianza mwaka 1998 kazi ya kusafisha maji kwa mkaa wa mifupa. Mifupa ya wanyama huchomwa katika tanuru lenye hewa kidogo, kisha husagwa. Maji yakipita humo, floraidi hunaswa. Mkaa huo huchoka, na lazima ubadilishwe kwa wakati wake. Mtu ambaye dini yake haimruhusu kutumia mifupa asilazimishwe. Na akinge mvua.

Wapangaji hujibu kwamba paa ni la mwenye nyumba, na kichujio kina gharama. Neno lao ni la haki. Lakini si lazima maji yote ya nyumba yawe ya namna moja. Ya kufulia na kuogea yaweza kutoka kisimani. Yanayohitaji kuchaguliwa ni yale ya kunywa na ya kupikia uji wa mtoto mdogo, na hayo hayazidi mtungi mmoja mdogo kwa siku. Wenye nyumba nao hawatapata hasara wakiweka mfereji na pipa chini ya mabati yao.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021. Ni haki ya wenyeji wa jiji kumwuliza kila auzaye maji ya kisima kama yamepimwa, na kuonyeshwa kipimo chake. Mabishano ya kibandani yataleta faida siku watu watakapoacha kulaumiana na kuanza kuuliza swali hilo. Meno yakiisha kuota hayarudi ufizini kutengenezwa upya. Na maji yakimwagika hayazoleki.