Kuja Dar kwa Bajeti Ndogo: Kinachomaliza Hela ni Aibu, Sio Nauli

Kuna mdada wa Ruangwa na mshkaji wa Nachingwea. Wote wameuza korosho, wote wakatia timu Dar wiki moja, basi moja.

Mshkaji kashuka tu Mbagala, kaona soo kupanda daladala na begi lake la shangazi kaja. Kaita taksi mpaka hoteli ya Sinza, picha zikaanza kumiminika mtandaoni. Siku ya nne anapiga simu nyumbani aombe nauli ya kurudi! Hela ile mama yake aliitunza kwa palizi ya msimu ujao.

Mdada kambebea korosho kilo mbili mama yake mdogo wa Temeke. Kalala bure. Ila mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la mjini ni LUKU. Kainunua bila kuambiwa. Kariakoo kaenda na daladala, msosi kwa mama ntilie, Kigamboni kavuka na pantoni kwa shilingi 200. Coco Beach hakuna kiingilio, kakaa zake na mihogo mpaka jua likazama. Na karudi na zawadi.

Sasa nani kati yao ndo mshamba?

Dar haili hela ya maskini, inakula ya anayeogopa kuonekana katoka mkoani. Na huyo anayemcheka mwenye shangazi kaja, naye au mzazi wake alishuka na begi kama hilo hilo. Tofauti ni mwaka tu.