Elimu ya Bahari Irudi Pwani

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wazee wetu walijua kwamba nyumba iliyopata mgeni hupata na kitoweo, na watoto wa nyumba hiyo hawalali na njaa. Niliikumbuka methali hii wakati wa likizo iliyopita, nilipokuwa kwetu kijijini, pwani ya mashariki ya Unguja. Mama yangu alirudi baharini na gunia la mwani uliopauka, akaumwaga uani bila ya kusema neno. Jirani mmoja akasema hiyo ni husuda. Mwingine akasema mbegu imechoka. Nami, niliyesoma Bayolojia tangu Kidato cha Kwanza, nilinyamaza kwa kuwa sikuwa na jibu.

Niliporudi skuli nikamweleza mwalimu wetu, naye akanipa makala moja ya utafiti niisome. Ilinichukua jioni tatu katika dakhalia, kamusi mkononi, mpaka nikaielewa. Jibu lilikuwapo, tena tangu siku nyingi, umbali wa safari ya daladala tu kutoka kwetu: katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa hapa Unguja.

Huenda wasomaji wengi hawaijui Taasisi hii, basi yafaa niieleze kidogo. Katika miaka ya 1950 lilikuwapo hapa Unguja shirika la Afrika Mashariki la kuchunguza uvuvi wa baharini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 Chuo Kikuu kikaanzisha Taasisi hii ili kazi isipotee. Kwa miaka mingi makao yake yalikuwa Mizingani, mkabala na bahari, na sasa inayo pia majengo yake huko Buyu, kusini ya mji. Humo mna maabara, na wataalamu wake huchunguza samaki, matumbawe, mikoko, mikondo ya maji, uchafu unaoingia baharini na ufugaji wa viumbe vya bahari. Wako wanaodhani kwamba kazi hiyo ni ya kuhesabu samaki tu. Hawajui. Huko Fumba, Dk. Narriman Jiddawi, akiwa mtaalamu wa Taasisi, aliwashirikisha akina mama katika kufuga chaza wa lulu. Kidude kidogo hubandikwa ndani ya kombe, naye chaza hukifunika kidogo kidogo mpaka kikang'ara.

Lakini nirudi kwenye mwani, maana ndio ulionisomesha. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku mashariki, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Hulimwa aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ina bei nzuri zaidi, lakini haistahimili joto. Maji ya pwani yanapokupwa na jua likawaka, yale yaliyobaki juu ya mchanga huwa moto mno. Hapo kotonii hudhoofika, matawi yake huwa meupe na kukatika, na magugu ya baharini huushambulia. Basi si husuda, wala si uvivu wa mkulima. Ni bahari inayozidi joto.

Wataalamu hawakuishia kutaja ugonjwa, wametafuta na dawa. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wake katika Taasisi hiyo, alijaribu pamoja na wakulima kupanda kotonii katika maji ya kina, ambako hakuna joto kali, kwa kutumia neti ndefu zilizo kama mirija badala ya vigingi na taitai. Aidha wakulima walifundishwa kusaga mwani na kutengeneza sabuni, ili wasiuze mwani mkavu peke yake kwa bei ya chini. Hayo ni mambo ya kujivunia.

Sasa nitoe rai yangu. Elimu hii imetoka pwani, nayo haina budi irudi pwani. Mtaalamu huja kijijini, huchukua maji na vipande vya mwani, huwauliza akina mama maswali, nao humjibu kwa ukarimu. Kisha matokeo huandikwa kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mama yangu hatayasoma kamwe. Mgeni amekuja, lakini mwenyeji hajapona.

Najua nitajibiwa kwamba Kiingereza ndicho lugha ya wataalamu wa dunia nzima, na asiyekitumia hasikilizwi. Ni kweli, wala sisemi kiachwe. Nasema kwamba kila utafiti uliofanywa katika kijiji uwe na kurasa mbili za Kiswahili chepesi, zisomwe barazani mbele ya wale waliotoa majibu. Wala isisemwe kwamba Kiswahili hakina maneno. Watu waliozipa majina bamvua na maji mafu, kusi na kaskazi, hawawezi kushindwa kuielewa habari ya bahari yao wenyewe.

Tena faida haitakuwa ya upande mmoja. Yule jirani aliyesema mbegu imechoka hakusema upuuzi. Mwani hupandwa kwa kukata tawi la mwani wa zamani, mwaka baada ya mwaka, na wataalamu nao hulifikiria jambo hilo hilo. Vile vile, anayeshauri watu wahamie kwenye maji ya kina akikaa nao barazani ataambiwa mara moja kwamba wengi wao hawajui kuogelea wala hawana vyombo. Shauri jema lisilo na mtumbwi halifiki mbali.

Nasi wanafunzi tusikae kuwalaumu wakubwa tu. Nashauri chama chetu cha sayansi kifanye mambo mawili. Kwanza, kila muhula tuchague makala moja ya utafiti wa bahari yetu, tuifasiri kwa msaada wa walimu wetu, na tuipeleke vijijini kwetu wakati wa likizo. Pili, kila mmoja wetu anayetoka pwani achukue kipimajoto, apime maji ya shamba la mwani kila bamvua akiwa nyumbani, na aandike katika daftari moja la skuli. Daftari hilo likijazwa miaka kumi, hata Taasisi huenda ikapenda kulitazama.

Wazazi nao nawaomba, kwa heshima zote, wasivunjike moyo mtoto akisema anataka kusomea bahari badala ya udaktari au sheria. Kusomea bahari si kurudi nyuma. Mimi nimekwisha amua kuomba masomo hayo nikijaaliwa kufaulu.

Likizo ijayo nitakaa na mama uani, nimsomee ile makala kwa Kiswahili, tangu mwanzo hadi mwisho. Naamini atakuwa na maswali, na mengine sitayaweza. Hayo nitayaandika, niyapeleke Buyu.