Singida Bila Ndege Mpaka Lini?

Nimechoka kusikia kwamba ndege ni ya matajiri. Nayasikia maneno hayo hapa Ulemo, nayasikia Misigiri, nayasikia Kiomboi, na wanaoyasema ni maskini wenzangu! Nani alikufundisha hivyo, ndugu yangu? Tajiri ana gari lake. Akiugua usiku, alfajiri yuko Dodoma. Wewe je?

Mama amejifungua, damu haikatiki. Daktari anasema apelekwe hospitali kubwa. Mpaka Singida mjini ni safari. Kutoka hapo mpaka Dodoma ni zaidi ya kilomita 230 nyingine, na mama wa watu amelazwa nyuma, kila tuta linampitia mgongoni. Ndege ndogo hukata kipande hicho kwa chini ya saa moja. Chini ya saa moja!

Wala haitaki makubwa. Ndege kama Cessna Caravan hutua kwenye changarawe. Inachotaka ni njia ndefu ya kutosha, kwa sababu huku kwetu tuko juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari; hewa ni nyepesi, jua la mchana huifanya nyepesi zaidi, na ndege hukimbia sana kabla ya kuinuka. Inataka uzio. Inataka mtu wa kufyeka majani na kuzuia ng'ombe. Hayo nayo yanatushinda?

Haydom hayakuwashinda. Hospitali ile ya Walutheri, iliyoanza 1955, iko porini kuliko sisi, na ina kiwanja chake. Ndege ndogo huleta madaktari, huchukua wagonjwa. Watu wetu wa Iramba na Mkalama wanakwenda kutibiwa huko, wanakiona, wanarudi kimya.

Singida ni mkoa tangu 1963. Mkoa! Umekaa miaka na kiwanja cha changarawe bila ndege ya ratiba. Wataalamu walikuja wakapima, wakaandika upembuzi wao, jina la Singida likawekwa pamoja na Iringa na Songea. Songea kumetiwa lami. Singida kumetiwa maneno. Chato, ambayo ni wilaya, ilipata njia ya kurukia ya kilomita 3. Siwaonei wivu watu wa Chato, nao wanaugua. Nauliza sisi tulikuwa wapi.

Tulikuwa tumelala. Asiyekuwepo na lake halipo. Mwaka wa uchaguzi tunapewa kofia na fulana, tunapiga vigelegele, tunarudi kwenye alizeti zetu.

Wajerumani walipotaka dhahabu ya Sekenke, hapa hapa Iramba, hawakukosa njia ya kuitoa. Mwaka 1916, vita vimewabana, waliifikisha Tabora wakaigeuza sarafu. Dhahabu ya Iramba ilipata njia. Mgonjwa wa Iramba hana.

Basi amka. Diwani akiitisha mkutano, usikae nyuma. Mbunge akija, usimpe kuku kabla hajajibu. Muulize: fedha za kiwanja cha Singida zimo kwenye bajeti ya mwaka gani? Mkandarasi ni nani, anaanza lini? Eneo limepimwa, lina hati, au linangoja kuvamiwa? Na huku Iramba, ndege ya wagonjwa itatua wapi? Akikwambia "mchakato unaendelea", muulize tena, mbele ya watu wote.