Alama Katika Damu Si Hukumu

Ni nadra wiki kupita katika kliniki ya moyo bila mgonjwa kusema: “Daktari, presha hii ni ya ukoo wetu. Babu alikuwa nayo, baba akafa nayo. Nitaikimbilia wapi?” Kauli hiyo ina ukweli, kwa kuwa shinikizo la damu, kisukari na wingi wa lehemu huandama koo. Kosa lake ni kudhani kwamba damu ikishasema, hakuna la kufanya.

DNA ni maandishi tunayozaliwa nayo. Juu yake mwili huweka alama ndogo za kikemia ziitwazo methili, na tendo hilo huitwa methilesheni. Alama hizo hazibadilishi maandishi yenyewe. Huchangia kuamua jeni ipi ifanye kazi na ipi inyamaze. Hubadilika kwa umri, unene na moshi wa tumbaku, nasi huzisoma katika chembe nyeupe za damu.

Mfano ulio wazi zaidi ni sigara. Kwa mvutaji, methili katika jeni ya AHRR hupungua kiasi cha damu kumshuhudia hata akikana. Hata hivyo, uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumuisha watu karibu 16,000 ulionyesha kwamba sehemu nyingi za DNA zilizoguswa na sigara hurejea katika hali ya asiyevuta ndani ya miaka 5 baada ya kuacha, ingawa chache hubaki na kovu hata baada ya miaka 30. Kuhusu unene, utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2017 ulibaini sehemu 187 za DNA ambazo methilesheni yake huendana na uzito wa mwili. Mabadiliko hayo kwa sehemu kubwa yalikuwa matokeo ya unene, wala si chanzo chake.

Kwa hiyo naziona alama hizi kama nyayo. Nyayo hueleza njia aliyopita mtu, hazimwamuru aendako.

Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono haraka ya kuuza vipimo vya methilesheni kwa wagonjwa. Chembe nyeupe ni za aina nyingi, kila aina na alama zake, na maambukizi ya kawaida huweza kubadili uwiano wake. Aidha, tafiti nyingi zimefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Matokeo yake hayawezi kuhamishiwa kwetu bila kuthibitishwa hapa. Wakati tukifanya utafiti huo, mashine ya kupimia presha, kipimo cha sukari na kipimo cha lehemu hutupa leo jibu tunaloweza kulifanyia kazi.

Wahudumu wenzangu, neno “kurithi” lisiwe la kufunga mazungumzo. Tulitumie kuuliza: ndugu zako wamepimwa? Nawe mgonjwa ambaye baba yako alikuwa na presha, historia hiyo ni sababu ya kupima mapema, kupunguza chumvi, kuacha sigara na kumeza dawa bila kuruka siku. Ukoo ulikupa maandishi. Yapo mengi yanayoandikwa juu yake ambayo bado yamo mikononi mwako.