Safari Ni Neno Letu, Mbona Hema Si Letu?

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii ilinijia usiku mmoja wa Agosti, nikiwa nimelala hemani kando ya Mto Mara, fisi wakilia ng'ambo na kiboko akila nyasi karibu kabisa na kamba za hema. Nilijiuliza: mwenyeji wa mahali hapa ni nani, naye amepona nini? Makala haya yanalenga kulijibu swali hilo kwa upande wa lugha. Hoja yangu ni moja: Kiswahili ndicho kilichoupa utalii wa porini jina lake, lakini kimefungiwa jikoni, nasi wanafunzi wa Kiswahili tuna sehemu yetu ya lawama.

Kutoka mjini Kisii, msafiri hupitia Kilgoris na Lolgorian, kisha huteremka ukingo wa Oloololo hadi upande wa magharibi wa mbuga ya Masai Mara. Ni mwendo wa saa chache tu. Licha ya ujirani huo, wengi wetu tuliozaliwa Kisii na Nyamira tumewaona nyumbu kwenye televisheni pekee. Kambi niliyofikia ilikuwa ndogo: mahema manane, kandili mlangoni, na maji ya kuoga yaliyopashwa kwa kuni na kutiwa katika ndoo iliyotundikwa mtini. Giza likiingia, mgeni hakuruhusiwa kutoka hemani bila askari wa kumsindikiza.

Mwongoza watalii wetu alikuwa kijana Mmaasai, mjuzi wa nyayo, mavi na milio. Alinilaki kwa Kiswahili, kisha tulipoingia garini akahamia Kiingereza na kubaki huko, ingawa abiria wote tulikuwa Wakenya. Nilipomwomba atusimulie kwa Kiswahili alicheka, akasema, "Mwalimu, haya mambo sisi tulifundishwa kwa Kiingereza." Nyamera aliyesimama juu ya kichuguu hakumjua kwa jina la Kiswahili, na duma alimwita "chui mdogo".

Ajabu ni kwamba usiku huohuo nilimkuta nyuma ya jiko, pamoja na askari na mpishi mmoja mwenyeji wa Nyamira, akisimulia jinsi nyati alivyomkwesha mtini mchana kutwa. Kiswahili chake kilikuwa chepesi, chenye mzaha na taharuki. Waama, lugha haikuwa imepungukiwa na kitu. Ilikuwa imenyimwa kiti cha mbele tu.

Hali hii ina historia. Neno safari, ambalo kwetu ni mwendo wowote, hata wa matatu kutoka Keroka hadi Kisii, liliingia katika Kiingereza katika karne ya 19 kupitia misafara ya pwani na bara. Theodore Roosevelt alipokuja kuwinda nchini mwaka wa 1909, mahema yake yalibebwa na mamia ya wapagazi, na Kiswahili kilikuwa lugha ya msafara. Uwindaji wa kitalii ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka wa 1977; bunduki zikaondoka, mahema yakabaki. Mgawanyo wa lugha nao ukabaki: Kiingereza mezani, Kiswahili mekoni. Kiswahili kinachomfikia mgeni ni pambo tu, jambo na hakuna matata. Hata hilo la pili lilisajiliwa nchini Marekani kama alama ya biashara ya kampuni ya Disney mwaka wa 2003. Tukicheka, tukumbuke kwamba kitu kisichotumiwa na mwenyewe hutumiwa na mpita njia.

Kuna watakaosema kwamba anayelipa ndiye mwenye kuchagua lugha. Sipingi, mgeni wa kutoka Uingereza na asimuliwe kwa Kiingereza. Lakini mwaka wa 2020, korona iliposimamisha safari za ndege za kimataifa, ni Mkenya aliyeombwa aje alale katika mahema hayo. Mgeni wa siku za dhiki hastahili kusahauliwa siku za neema. Aidha, kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi haikomei langoni mwa mbuga.

Wengine watadai kwamba Kiswahili hakina msamiati. Dai hili halina mashiko. Tunao pofu, tandala, kuro, tohe, taya na pongo, ilhali sisi huwafumba wote katika neno moja, swara. Tunao mondo, simbamangu, nyegere, muhanga na kakakuona. Maneno yapo kamusini. Yamekosa kinywa cha kuyatamka.

Fauka ya hayo, suala hili linatugusa Abagusii kwa namna ya pekee. Koo zetu zina wanyama wao wa heshima, wakiwemo ndovu, kiboko na chui. Mtoto hukua akijua kwamba enchogu ni fahari ya ukoo fulani, asijue enchogu hula nini. Katika duka dogo la kambi ile nilikuta ndovu wa mawe ya Tabaka wamepangwa rafuni, wamesafiri njia ambayo wachongaji wao wengi hawajawahi kuipita. Kinyozi hajinyoi.

Niliporudi nilimtembelea mzee mmoja mchongaji huko Tabaka. Alinieleza kwamba amechonga ndovu kwa zaidi ya miaka ishirini kutokana na picha. Akaniuliza, "Mwanangu, akitaka kumtisha mtu, masikio huyalaza au huyatandaza?" Jibu nilikuwa nalo: huyatandaza ili aonekane mkubwa. Lakini nililipokea kwa Kiingereza, na alipotaka kujua zaidi juu ya mkonga na miguu nilibabaika kama mtoto anayesoma kwa mara ya kwanza. Msomi wa Kiswahili nilishindwa kumsimulia mzee wangu kile nilichokiona kwa macho yangu. Aibu ile ndiyo iliyoniandikisha makala haya.

Basi tufanyeje? Kwanza, chama chetu kikusanye istilahi za wanyama, ndege, miti na tabia zao kwa Kiswahili, sambamba na Ekegusii na Kimaasai, kwa kuwahoji waongoza watalii wenyewe, kwani wao ndio wenye elimu hiyo. Pili, vyuo vinavyowafunza waongoza watalii viwatahini kwa Kiswahili pia. Tatu, shule za Kisii na Nyamira zinapowapeleka wanafunzi Mara, zidai msimulizi wa Kiswahili kabla ya kulipa.

Mwaka wa 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Huo ndio mwezi ambao nyumbu huanza kumiminika Mara kutoka Serengeti. Badala ya kuiadhimisha siku hiyo ukumbini kwa hotuba, tukodi basi moja, tumchukue mzee wa Tabaka na wenzake, tuteremke Oloololo. Akiuliza tena habari za masikio ya ndovu, ajibiwe papo hapo, ndovu akiwa mbele yake, kwa lugha anayoielewa.