Walisoma sita, walikuwa saba



Kuna mwaka tulizika mama mmoja mzee wa ukoo wetu. Kwenye kilio, kama kawaida, kijana alisimama na karatasi akasoma maisha ya marehemu: alizaliwa wapi, alibatizwa wapi, aliolewa na nani, alizaa watoto sita, ameacha wajukuu na vitukuu. Nilikuwa nimekaa mkekani kando ya mukaka mmoja, rafiki wa marehemu tangu usichana wao. Aliposikia "watoto sita" alitikisa kichwa, akasema polepole, kama mtu anayemsahihisha mtoto anayehesabu: "Saba."

Hakuna aliyemjibu. Kijana akaendelea kusoma.

Siku ya tatu, tulipokuwa tunaosha masufuria, nikamfuata na kumuuliza. Akaangalia kwanza kama wana wa marehemu wako mbali. "Wa kwanza alikuwa mweupe," akasema.

Marehemu alikuwa msichana wa kuvuna kahawa kwenye shamba la Mzungu. Yule Mzungu akamwingiza nyumbani kwake. Wakati ule mwanamke wa namna hiyo aliitwa "menajeri", yaani mtunza nyumba, lakini kila mtu alijua maana yake. Akazaa mtoto wa kiume. Mtoto alipokuwa ameshajua kukimbia na kuita mama, gari la Leta likaja. Mama akaambiwa mtoto anapelekwa kusoma kwa masista. Hakumwona tena. Baadaye akaolewa na baba wa wale sita, na familia ikakubaliana kwamba jambo lile halitasemwa tena. Hata jina la mtoto, yule mukaka alikuwa amelisahau. "Lakini mama yake hakulisahau," akaniambia. "Tulipokuwa tunalima, nilimsikia akilitaja peke yake."

Tangu siku ile nimetafuta kujua, na nimejua kwamba mama yetu hakuwa peke yake.

Vijana wetu hawaelewi vizuri jinsi Kongo ya Wabelgiji ilivyopangwa. Wazungu walikuwa na mtaa wao, Weusi walikuwa na site yao. Shule mbalimbali, hospitali mbalimbali. Usiku Mweusi hakutembea mtaa wa Wazungu bila karatasi ya ruhusa. Mwaka 1948 Leta ilianza kutoa kadi kwa Weusi iliowaona "wamestaarabika", na mwaka 1952 ikaongeza karatasi nyingine kubwa zaidi; kabla ya kumpa mtu karatasi hiyo, wakaguzi waliingia nyumbani kwake kuangalia familia inaishije na inakulaje.

Sasa, katika nchi iliyogawanywa namna hiyo, mtoto wa mama Mweusi na baba Mzungu atawekwa wapi? Wakubwa wa koloni waliona aibu kumwona kijijini, kwa sababu sura yake ilionyesha kwamba ule ukuta kati ya Weusi na Weupe ulikuwa na mlango, na waliopita mlangoni usiku walikuwa wao wenyewe. Waliogopa pia kwamba watoto hao wakikua kati ya Weusi wataongoza uasi. Basi wakaamua kuwatoa kwa mama zao na kuwaweka kwenye misheni. Akina baba wengi hawakuwaandikisha. Kwenye faili ikaandikwa "baba hajulikani". Hajulikani! Kijiji kizima kilimjua, na nguo zake mama alikuwa anazifua.

Watoto wa upande wetu wa Kivu, pamoja na wale wa Rwanda na Burundi, wengi walipelekwa Save, kule Rwanda, kwa Masista Weupe. Kati ya 1959 na 1962, uhuru ulipokaribia, watoto karibu 300 wa Save walipandishwa ndege kupelekwa Ubelgiji. Huko waligawiwa kwa familia mbalimbali, na mara nyingi ndugu wa tumbo moja walitenganishwa. Wengine walibadilishiwa jina, wengine tarehe ya kuzaliwa. Mtu aliyebadilishiwa jina na tarehe, atamtafutaje mama yake? Na mama ambaye hajui kusoma, aliyebaki mlimani kwetu, atamtafutaje mtoto?

Kule Kasai watoto waliwekwa kwenye misheni ya Katende. Wanawake watano waliokulia pale, sasa wazee, walishitaki nchi ya Ubelgiji: Léa Tavares Mujinga, Monique Bitu Bingi, Simone Ngalula, Noëlle Verbeken na Marie-José Loshi. Wote walichukuliwa kwa mama zao kabla ya kutimiza miaka saba. Mwaka 2021 mahakama ya kwanza iliwakatalia. Hawakurudi nyuma. Tarehe 2 Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Bruxelles ilisema kwamba kuchukua watoto wale kwa sababu ya rangi yao kulikuwa jinai dhidi ya ubinadamu, na Ubelgiji imlipe kila mmoja euro 50,000. Kabla ya hapo maaskofu wa Ubelgiji walikuwa wameomba radhi mwaka 2017, na waziri mkuu Charles Michel aliomba radhi mbele ya bunge lao tarehe 4 Aprili 2019.

Wamama, msome vizuri hukumu ile. Haikusema kwamba wale wamama walikosa. Mwenye kosa ni Leta. Lakini katika familia zetu, kwa miaka 60, 70, nani alibeba aibu? Ni msichana wa kuvuna kahawa. Yule aliyemwingiza nyumbani alirudi kwao na sanduku zake. Aliyeandika "baba hajulikani" alipata pansheni. Aibu ikabaki kwetu, tukaitunza kama mali ya ukoo.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Kule Louisiana, kusini mwa Marekani, kuna familia za Wakreoli, watu wenye damu ya Kiafrika na ya Kifaransa. Mmoja wao, Homer Plessy, alikuwa mweupe kiasi kwamba mtu asingemtambua, lakini mwaka 1892 alikamatwa kwa kukaa kwenye behewa la Wazungu. Mwaka 1896 mahakama kuu ya Marekani ilikubali ubaguzi ule kuwa halali. Kwa hiyo wengine wenye ngozi nyeupe walihamia mbali, wakajifanya Wazungu, na kwa kufanya hivyo walilazimika kumkana mama aliyewazaa.

Na kuna kitabu ambacho anayesoma Kifaransa nampa shauri akitafute. Jina lake ni Adieu Zanzibar, cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Ni hadithi ya kubuni, lakini imesimama juu ya historia. Mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani ya Kenya, mwenye duka mmoja anamkuta Mzungu ameanguka, hana nguvu, anamwingiza nyumbani. Dada wa mwenye duka, Rehana, anapendana na yule Mzungu. Baadaye Mzungu anaondoka, Rehana anabaki na mtoto wa kike.

Miaka zaidi ya 50 inapita. Kule Zanzibar kijana anaitwa Amin anampenda mwanamke anaitwa Jamila. Wazazi wa kijana wanakataa kabisa. Moja ya sababu zao ni kwamba Jamila ni mjukuu wa Rehana! Nilipofika pale nilifunga kitabu nikakaa kimya. Rehana alipenda, akaachwa. Na mjukuu ambaye hakuwa amezaliwa ndiye anayelipa. Pale hakuna gari la Leta lililokuja. Kazi ile imefanywa na familia, sebuleni, kwa sauti ya upole.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Leta ilichukua watoto, na imehukumiwa. Lakini kunyamaza ni kazi tuliyoifanya wenyewe, na hakuna mahakama itakayotufanyia kazi ya kusema.

Nasema hivi kwa sababu ya Beni yetu ya leo. Tangu vita vianze, askari wa nchi ngapi wamepita hapa? Wangapi wameacha watoto na kuondoka na ndege? Na wasichana wetu waliochukuliwa msituni, wakarudi na mtoto mgongoni, ambao tunawapokea kwa mkono mmoja na kuwanyooshea kidole kwa mkono wa pili? Hapa Mulekera watoto hao wako. Wanakula sombe pamoja na wetu, wanavaa yunifomu ileile. Na siku moja kila mmoja atauliza: "Mama, baba yangu ni nani?"

Wengi tunajibu kwa uongo. Tunasema baba alikufa. Tunasema mjomba ndiye baba. Naelewa kwa nini: tunataka kumlinda mtoto. Lakini jirani anajua, na mtoto wa jirani anajua, na siku ya kugombana kwenye mpira atamwambia. Basi atakuwa amepata ukweli kutoka kwa adui, na atajua pia kwamba mama yake alimdanganya.

Sisemi mama asimame kanisani atangaze mateso yake. Siri ya mwili wa mwanamke ni yake, hakuna wa kumlazimisha, na sisi majirani tufunge midomo. Lakini mtoto ana haki ya kipande chake. Mdogo unaweza kumwambia: "Baba yako alitoka mbali, akaondoka. Wewe ni wangu, na ni wa nyumba hii." Akikua, utaongeza kadiri anavyoweza kubeba. Kama jambo ni zito kupita nguvu zako, umwite mama mmoja unayemwamini akae nawe siku ya kusema.

Na karatasi pia. Watoto wa Save na Katende walipotezwa kwa karatasi; wetu tusiwapoteze kwa kukosa karatasi. Sheria ya familia ya nchi yetu, kifungu cha 591, inasema kila mtoto Mkongomani lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa katika ndoa au nje ya ndoa. Andikisha mtoto komine ndani ya siku 90, na jina la mama liandikwe bila kosa. Na kwa familia yenye mtoto aliyechukuliwa zamani: tangu 2019 Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ubelgiji ina kazi maalumu juu ya faili za metisi. Wakaka wakiwa bado hai, waulizeni majina, jina la shamba, mwaka wa mavuno fulani. Mukaka mmoja akizikwa, faili nzima imezikwa naye.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mwaka ulipotimia, tulikutana kuondoa matanga, na yule kijana akaja na karatasi yake ileile. Nikamwomba kwanza tuzungumze na wana wa marehemu, ndani, mlango umefungwa. Yule mukaka akawaeleza yote. Mmoja alikasirika akatoka nje. Mkubwa wao, mzee mwenye mvi, ambaye maisha yake yote ameitwa mzaliwa wa kwanza na amekata maneno ya ukoo kwa cheo hicho, aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Nilidhani atatufukuza.

"Basi mimi ni wa pili," akasema. Akachukua kalamu kwa kijana, akafuta sita, akaandika saba.

Jumamosi tukikutana, anayetaka kuzungumza nami juu ya neno hili aje mapema kidogo, kabla wengine hawajafika. Tutakaa wawili.