Tuhesabu dakika, si mabasi

Mwanzoni mwa Oktoba 2025, abiria wa Dar es Salaam waliochoka kusubiri walirusha mawe kwenye vituo na mabasi ya mwendokasi katika njia ya Kimara. Serikali haikuchelewa kujibu: mabasi yaliyoletwa kwa ajili ya njia ya Mbagala yakaamriwa yaende kusaidia Kimara. Wengi wakapumua, mjadala ukaonekana umefungwa. Kwangu mimi haujafunguliwa. Kuhamisha mabasi kutoka njia moja kwenda nyingine ni kutuliza hasira za wiki moja. Tatizo lenyewe bado halijaelezwa sawasawa na wale wanaolipwa kulitatua.

Kwa karibu miaka kumi, kila mwendokasi unapolalamikiwa jibu ni lile lile: mabasi ni machache. Likishatamkwa hilo, vikao vyote vinaelekea huko huko. Yanunuliwe mangapi? Kwa fedha za nani? Meli itafika lini? Hayo ni maswali ya manunuzi, na taasisi zetu zinayapenda kwa sababu zinajua kuyajibu. Yana bajeti, yana zabuni, yana siku ya uzinduzi.

Sikatai kwamba hoja ya uchache ina ukweli wake. Mpango wa awamu ya kwanza, ile ya njia ya Kimara, ulihitaji mabasi 305, na huduma ilianza Mei 2016 ikiwa na 140. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam, na yeyote aendaye Mbezi au Kibamba anaona nyumba zinavyozidi kusonga mbele. Mabasi huchakaa. Abiria aliyeko kituoni naye anataka basi leo, hangoji nadharia. Sawa. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo linaloeleza kwa nini mtu asimame nusu saa nzima bila kuona basi la njia yake.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye kiini cha jambo. Chukua njia ya Kimara hadi Kivukoni. Tuseme basi linatumia dakika 90 kwenda na kurudi, pamoja na kushusha na kupakia. Mabasi 90 yakiwa barabarani kwa mpangilio, basi litapita kituoni kila dakika moja. Yakiwa 45, litapita kila dakika mbili. Yakiwa 30, kila dakika tatu. Sasa igeuze hesabu. Abiria akisubiri dakika 30, maana yake njia nzima ina mabasi matatu tu. Au yapo mengi zaidi, lakini yanafuatana mkia kwa mkia, matano yanapita pamoja kisha kimya. Hali zote mbili haziponi kwa kununua. Ya kwanza inataka mtu aeleze mengine yako wapi asubuhi hiyo. Ya pili inataka mtu anayeyapanga yanavyotoka na kuyatenganisha njiani.

Angalia wanachofanya abiria wenyewe. Aliyeko kituo cha Baruti au Bucha anajua basi litamfikia limeshajaa tangu Kimara Mwisho, milango haifunguki au inafunguka bure. Kwa hiyo anavuka upande wa pili, anapanda basi linalorudi Kimara, kisha anageuza nalo ili apate nafasi ya kwenda mjini. Mtu anatangulia kurudi nyuma ili aende mbele, na nafasi anayoishika akirudi ndiyo ile ile atakayoikosa anayesubiri Kimara Mwisho. Mabasi mapya 50 yakiingizwa kwenye mtindo huo bila kupangwa, mama wa Baruti ataendelea kugeuza.

Kumbukumbu zetu si fupi kiasi cha kusahau kwamba kununua basi na kulifikisha kituoni ni mambo mawili. Mabasi 70 yaliyoagizwa kuongeza nguvu awamu ya kwanza yalikwama bandarini muda mrefu kwa mgogoro wa kodi. Yalikuwa yameshanunuliwa, yameshafika nchini, na abiria wa Manzese hakuyaona. Barabara ya awamu ya pili, ile ya Mbagala, nayo ilikaa imejengwa ikisubiri mabasi yake. Kila idara ilikuwa na la kuonyesha: huyu barabara, yule mabasi. Huduma, ambayo ndiyo kitu pekee anacholipia abiria, haikuwa na mwenyewe.

Halafu kuna karakana ya Jangwani. Desemba 2011 mafuriko ya Mto Msimbazi yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na serikali ikawahamishia wakazi wa mabondeni Mabwepande kwa maelezo kwamba mabonde si mahali pa kuishi. Hapo hapo bondeni ndipo ilipojengwa karakana ya mwendokasi. Mvua kubwa zikija maji yanaingia, barabara inafungwa, mabasi yanaharibika. Waliopitisha uamuzi ule bila shaka waliulizana eneo linatosha mabasi mangapi. Swali la asubuhi ya masika, kwamba mabasi yatatokaje humo, ama halikuulizwa ama halikupewa uzito. Tumelilipia kwa injini zilizozama.

Hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia, kwa sababu sidhani hili ni suala la uelewa mdogo. Wataalamu wapo, na jiji hili lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu mwaka 2018, la kwanza Afrika kuipata. Swali la mabasi mangapi linapendwa kwa sababu halimtaji mtu. Mabasi yakiwa machache, lawama inakwenda Hazina, inakwenda kwa mtengenezaji, inakwenda kwa mkopo uliochelewa, na kila aliyeko ofisini anabaki mikono safi. Lakini ukiuliza kwa nini leo, saa 12:40 asubuhi, hapakuwa na basi kituo cha Korogwe kwa dakika 25, jibu lina jina la mtu. Kuna aliyekuwa zamu. Kuna aliyeahidi vipuri. Kuna aliyesaini kwamba huduma imetolewa. Taasisi inayokimbia swali hilo inajilinda yenyewe, na hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite ya miaka kumi juu ya migongo ya watu wanaoamka saa 10 alfajiri.

Muundo wa awali ulilijua hilo. Kazi ziligawanywa: waendeshaji wawili wa mabasi, mkusanyaji nauli wa peke yake, msimamizi wa mfuko wa peke yake, na mwendeshaji alipwe kwa kilomita alizokwenda. Badala yake tukaanza na mtoa huduma wa mpito, na mpito huo ukadumu miaka. Kuingiza kampuni nyingine sasa ni jambo jema, ila wanaodhani sekta binafsi peke yake ni dawa wasome mkataba kwanza. Mwendeshaji akilipwa kwa kilomita tu, anaweza kuzikamilisha saa 6 mchana barabara ikiwa nyeupe, na asubuhi watu wakabaki pale pale. Alipwe kwa muda kati ya basi na basi, akatwe kwa kila dakika inayozidi, na wakala unaomsimamia nao uwajibike kwa takwimu hiyo hiyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa DART, wakala unaosimamia mwendokasi, na kwa wizara ni moja, na halihitaji mkopo wala meli. Kila jioni mtangaze, kituo kwa kituo, abiria alisubiri dakika ngapi kati ya saa 11 alfajiri na saa 3 asubuhi, na siku ile ilikuwa zamu ya nani. Mkikaa miezi mitatu mkitangaza hivyo na bado ikaonekana mabasi hayatoshi, mje mtuombe fedha, nami nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono. Kabla ya hapo, mkataba mwingine wa kununua mabasi usisainiwe.